Mawe ya Uzeeni

Kwa miaka yote niliyomfahamu fundi wa mawe, sikufaulu kumnywesha hata kikombe kimoja cha chai ya bure. Nilijaribu Krismasi. Nilijaribu nilipojifungua. Nilijaribu siku aliponijengea upya mafiga ya jikoni kisha akakataa malipo, nikadhani hapo nimemnasa. Alikunywa chai yake polepole, akasimama, akaacha sarafu chini ya kikombe na kusema, "Mafiga ni mafiga, Mama Chai. Chai ni chai." Akaondoka, mfuko wake wa vyuma ukigongana begani.

Mama Chai ni mimi. Nilikuwa na hoteli Thika, karibu na soko, na mtu asidanganyike na neno hoteli. Kilikuwa kibanda cha mabati chenye meza mbili na mabenchi, na moshi ambao ulikataa katakata kutokea dirishani. Wateja wangu walikuwa watu wa viwandani, makuli wa stesheni, na mafundi wa kila aina wasiokuwa na bwana wa kuwaajiri, wale ambao leo wana kazi na kesho wanakaa kwangu tangu asubuhi na kikombe kimoja. Mimi nami ni mtu wa kudadisi. Sijifichi. Mama yangu alizoea kusema kwamba nitakufa nikiwa katikati ya swali.

Fundi huyu alinipa kazi ya kudadisi kuliko mteja mwingine yeyote. Sijui alizaliwa mwaka gani wala babu yake aliitwa nani, na sikumwuliza, kwa sababu hayo mtu yeyote anaweza kuyajibu. Kwa jinsi alivyosema Kiswahili nilijua ni Mkamba wa mashariki ya Thika, naye kwa jinsi nilivyosema mimi alijua ni Mkikuyu, basi tukakutana hapo katikati, kila mmoja akiivunja lugha kwa upande wake.

Alikuwa mfupi, mpana mabegani, na jicho la kushoto alilifinya hata akiwa ndani ya nyumba, kwa mazoea ya kukwepa vipande vya mawe. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilikuwa bapa kama kijiko. Kazi yake ilikuwa kuchonga mawe ya kujengea: jiwe linatoka timboni, kule yanakochimbwa, likiwa na mapembe yake, naye analipiga kwa tindo na nyundo mpaka linakuwa na nyuso sita zilizonyooka. Timbo alilolipenda lilikuwa upande wa Kalimoni, ambako alisema mawe yana tabia nzuri. Nilimwuliza tabia ya jiwe inajulikanaje. Akaniambia, "Jiwe mbaya inakubali haraka."

Kulikuwa na neno alilolitumia kwa mambo yote ya dunia. "Tutaona kwa timazi." Timazi ni ile kamba yenye chuma kizito mwishoni, ambayo fundi huining'iniza kando ya ukuta kuona kama umesimama wima. Ukimwambia fulani ameoa mke mzuri, tutaona kwa timazi. Ukimwambia bei ya sukari itashuka, tutaona kwa timazi. Mhubiri mgeni alipokuja akatuhubiria kwa machozi mpaka wanawake wakavua vitambaa vya kichwa wajifute, nilimwona fundi katika benchi la nyuma amefumba jicho moja, anampima.

Sasa niseme habari ya pensheni, maana bila hiyo mtu hatamwelewa.

Aliwahi kupewa kazi ya kujenga ukuta wa kuzuia udongo katika hoteli ya wazungu pale kwenye maporomoko ya Chania. Hoteli hiyo ilikuwa hoteli kweli. Kila siku akiwa kazini alimwona mzungu mmoja mzee ameketi barazani kwenye kiti cha kamba, anatazama maji yakianguka. Jambo hilo lilimshika. Jioni alikuwa anakuja kwangu kunisimulia kama mtu aliyeona ndege wa ajabu.

"Asubuhi iko kwa kiti," akasema. "Saa ya chakula iko kwa kiti. Hana shamba, hana kiwanda, hana mtoto hapa. Anaangalia maji tu."

"Pengine ni mgonjwa," nikasema.

"Hapana. Anakula vizuri sana. Nani anamlisha?"

Mwishowe akashindwa kuvumilia, akamwuliza weita. Weita akamweleza kwamba yule mzee alifanya kazi ya reli miaka mingi, na kila mwezi walikuwa wanamkata kidogo wanaweka, na sasa kile kilichowekwa ndicho kinachomlisha. Fundi hakuamini. Alimfuata karani wa hesabu wa yule kontrakta Mhindi aliyekuwa akimpa kazi, kijana mpole mwenye miwani, akamwuliza kama ni kweli. Karani akamwambia ni kweli, tena kuna zaidi: pesa hiyo ya uzeeni haihesabiwi wakati wa kodi. Na mtu mwenye biashara yake, hata vyombo anavyovimaliza kazini huondolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe kwa kinachobaki.

Alikuja kwangu siku hiyo hajanawa vumbi. Akakaa. "Mama Chai," akasema, "mimi nani ananikata?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa na hofu moja tu maishani, nami niliijua kwa sababu alinieleza mwenyewe. Mzee aliyemfundisha kazi alichonga mawe mpaka mikono ikamkatalia. Nyundo ilimponyoka akiwa timboni mbele ya vijana, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kulishwa kwa mwanawe. Fundi alikwenda kumwona huko. Hakuna aliyemtukana mzee, hakuna aliyemnyima, alisema, ila sahani yake iliwekwa chini kwa nguvu kidogo kuliko sahani nyingine. "Mtu akilishwa anajua," akaniambia. Basi alitaka vitu viwili. Aweke nyundo chini kwa mkono wake mwenyewe kabla haijamponyoka, na siku ile akishaiweka asikae akisubiri sahani ya mtu.

Kwa kuwa hakuna aliyemkata, akaamua kujikata. Pesa hakuiamini, akisema inajua njia ya kutoka mfukoni hata usiku. Benki hakujua mlango wake uko wapi. Alichoamini kilikuwa mawe. Kwa hiyo katika kila kazi, malipo ya siku ya mwisho aliyachukua kwa mawe. Kazi ikiwa ndogo, alichukua mawe machache; kazi ikiwa kubwa, machache vilevile, kwa sababu siku ya mwisho ni moja. Kontrakta alimwona punguani lakini hakukataa, maana mawe kwake yalikuwa rahisi kuliko shilingi. Lori lililokuwa likishuka na kifusi lilimpelekea mpaka Ruiru, ambako alipata kiploti pembeni ya mji kwa njia ambayo, pamoja na maswali yangu yote, hakunieleza ikaeleweka. Huko angejenga vyumba vinne vya kupangisha. Wapangaji watakuwa ndio reli yake.

Watu walimcheka. Fundi cherehani aliyekaa mkabala na kibanda changu alimwuliza kila Jumatatu kama mawe yamezaa. Mimi sikucheka sana, lakini nilikuwa na shaka, kwa sababu sikuweza kwenda kuona. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mimi Mkikuyu kutoka Thika kwenda Ruiru nilihitaji kibali, na kibali kilitaka sababu, na "nataka kuona ukuta wa fundi" si sababu ya kumpelekea askari. Kwa hiyo kwa miaka vyumba hivyo vilikuwa kwangu kama habari za ng'ambo. Alinisimulia, nikasikiliza, nikauliza tena.

Tena vilichukua miaka kweli, na kosa lilikuwa lake. Mawe ya kazi tofauti hayalingani. Ya kazi hii yana urefu huu, ya kazi ile yamezidi kwa upana wa kidole, na fundi mwingine angeziba tofauti kwa simenti akaendelea na maisha. Yeye hakuweza. Alilichonga upya kila jiwe ili lilingane na wenzake. Akishajenga safu mbili, alikuwa anarudi Jumapili baada ya kanisa, anaangusha timazi, haridhiki, anabomoa. Nilimwambia, "Fundi, kama ungekuwa unamjengea mtu mwingine, si ungekuwa umemaliza?"

"Mtu mwingine atahama," akasema. "Hii nitaiangalia mpaka nikufe."

Wakati mwingine nilimkasirikia bure. Mtu mwenye hofu ya uzee hivyo, halafu anatumia nguvu za ujana kulainisha upande wa jiwe ambao hakuna mpangaji atakayeuona!

Kodi ndiyo iliyomponza. Zamani kila mwanamume alilipa kodi ya kichwa sawa na mwenzake. Sisi wanawake wa Kiafrika hatukutozwa, ingawa leseni ya hoteli ilinitosha kunikosesha raha. Kisha ukaja mwaka serikali ilipoigawa kodi kwa madaraja, anayepata zaidi alipe zaidi. Mtu wa mshahara hakuwa na taabu, karatasi yake ilisema yote. Mtu wa kazi zake mwenyewe je? Huyo aliitwa mbele ya kamati ya wazee, wakamtazama na kukisia.

Mimi niliitwa kuwapelekea kamati chai, kwa hiyo nilishuhudia. Sijapata kuona umaskini mwingi hivyo katika asubuhi moja. Fundi cherehani, ambaye kila siku alivaa tai, alikuja na koti ambalo mbuzi angelikataa. Mwenye baiskeli alikuja kwa miguu. Mtu wa kuuza makaa alijipaka makaa zaidi. Halafu akaingia fundi wa mawe, amevaa koti lake la kanisani, viatu vimepakwa mafuta.

"Wee, umerogwa?" nikamnong'oneza nikimpita na birika. "Toa hiyo koti!"

"Nikivaa matambara leo," akasema, "kesho kontrakta atanipa bei ya matambara."

Karani wa kamati akamwuliza, "Kwa mwezi unapata ngapi?"

"Mwezi gani? Ya mvua ama ya jua?"

Watu wakacheka. Karani hakucheka. Hapo mzee mmoja wa kamati, mwenye bucha, mtu mnene asiyependa kupitwa na jambo, akainua mkono. "Huyu anajificha. Mimi nilipita Ruiru, nikaona nyumba yake. Ukuta kama ya benki! Hata DO hana ukuta kama ile."

Nilimtazama fundi. Nilitarajia akane, alie, aseme ni ya shemeji. Badala yake uso wake wote ulifunguka. Sijawahi kumwona na furaha ile, hata kanisani.

"Uliona ile kona?" akamwuliza mwenye bucha.

"Niliona."

"Uliona vile mawe inaingiana bila simenti kuonekana?" Akasogea mbele, akachukua viberiti viwili mezani pa karani, akaonyesha. Akaeleza kona. Akaeleza safu ya chini, kisha akaeleza jinsi alivyoyachonga mawe yote yakawa kama mapacha. Nilisimama na birika langu nikimfinyia jicho, nikikohoa mpaka mzee mmoja akaniuliza kama nina kifua. Hakusikia. Kwa miaka hakuna mtu aliyekuwa ameusifia ukuta huo, na wa kwanza kuusifia alikuwa amekaa kwenye kamati ya kodi. Alipomaliza, karani akaandika. Wakamweka katika daraja la wenye maduka.

Alitoka nje akitembea kama aliyepewa zawadi. Alifika kwangu, akakaa, akanywa, na katikati ya kikombe nikaona jambo hilo likimwingia. Alikiweka kikombe chini. "Ngai, Mama Chai," akasema, akimtaja Mungu kwa neno la watu wangu na watu wake, "wamefikiria ile nyumba ni utajiri."

"Si ndiyo nilikuwa nakohoa!"

"Ile si utajiri. Ile ni uzee."

Kesho yake alirudi kwa kamati bila kuitwa, na gunia begani. Nami nikafuata na chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Akalimwaga gunia mbele yao: tindo zilizokwisha, kila moja imebaki kipande cha kushikwa kwa vidole viwili. Zilikuwa nyingi, zina kutu, ziliviringika mpaka miguuni pa mwenye bucha.

"Hii ilinunuliwa na kazi yangu," akasema, "na ikaliwa na kazi yangu. Mzungu wa kahawa akimaliza trakta, mnamwondolea. Mimi nimemaliza hizi."

Karani alianza kumkemea kwa kuchafua ofisi. Lakini DO, yule afisa wa wilaya, kijana Mzungu mwekundu wa shingo aliyekuwa amepita kuangalia kazi inaendaje, aliinama akaokota kipande kimoja, akakigeuzageuza. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni tindo mpya ina urefu gani. Fundi akamwonyesha kwa mikono. Akauliza inachukua muda gani mpaka iwe hivi. Fundi akasema inategemea tabia ya jiwe, na nusura aanze tena kueleza, nikakohoa, na safari hii akasikia.

Wakanong'onezana. Mwishowe karani akasema watamshusha daraja moja kwa ajili ya vyombo. Fundi akashukuru, kisha akauliza, "Na ile nyumba? Ile ni ya kunilisha nikizeeka. Bwana wa reli haikatwi kodi kwa ile yake."

DO akatabasamu, nadhani kwa huruma. Akasema bwana wa reli anaweka pesa yake mahali panapojulikana kisheria. Mawe hayajulikani. Chuma waliweza kukiondoa katika hesabu, uzee hawakuweza.

Habari hiyo aliizungusha mji mzima, nusu kama malalamiko na nusu kama ushindi. Mwaka uliofuata mafundi walifika mbele ya kamati na magunia: misumeno iliyokatika, sindano za cherehani, hata mtu wa makaa na sepetu yake. Nasikia wengine walifukuzwa.

Mtu asidhani alikuwa bahili. Vyombo vyake aliwaazima mafundi wenzake bila maneno, na mmoja alipovunjika mguu timboni, fundi alimfanyia kazi yake mpaka akapona, na malipo yakaenda kwa mwenye mguu. Kutoa hakukumtisha. Kupokea ndiko kulikomtia jasho. Nilimwambia hicho ni kiburi. Akasema tutaona kwa timazi.

Na kiburi hicho kilimwumiza mtu. Alikuwa na mtoto wa kiume, kijana mrefu, mkimya, aliyefanya kazi ya kupakia mananasi kiwandani hapo Thika. Mchana mmoja kibanda kilikuwa kimejaa, na fundi alikuwa akiwaeleza watu habari ya vyumba vinne: huu utanilipia unga, ule utanilipia nyama, nikizeeka sitamsumbua mtu. Hakuona kwamba mwanawe ameingia na amesimama nyuma ya benchi.

"Baba," kijana akasema, "kwani mimi nimekufa?"

Mimi nilikuwa na sufuria mkononi, sikuiweka chini.

"Hujakufa," fundi akasema.

"Sasa kwa nini unaambia watu hutakuwa na mtu wa kukulisha?"

"Sijasema hivyo. Nimesema shilingi yako itakuwa na wenyewe. Utakuwa na bibi, utakuwa na watoto."

"Na wewe si mmoja wa hao wenyewe?" Kijana akawaonyesha watu wa mabenchini kwa mkono. "Kila mtu hapa mtoto wake ndiye ukuta yake. Wewe umeenda kujenga ingine. Watu wananiuliza mimi niko na ubaya gani."

Fundi alihitaji kusema neno moja tu la kumtuliza, hata mimi ningeweza kumwandikia. Lakini alikuwa mtu wa mawe. "Mimi niliona mtu akilishwa," akasema. "Sitaki."

Kijana akatoka. Baadaye kidogo tukasikia ameacha kiwanda, amekwenda kutafuta kazi upande wa Nairobi. Hawakusemezana muda mrefu sana. Nilimwonea kijana uchungu, na siku kadhaa nilimpa fundi chai yake bila kumsemesha. Katika nchi yetu mtu hujiwekea akiba ya uzeeni kwa kuzaa na kulea, na yeye alikuwa amewaambia watu hadharani kwamba akiba hiyo haiamini. Lakini nikilala nilikuwa namwona yule mzee wake na ile sahani, nikashindwa kujua nani ana haki. Mpaka leo nikiulizwa nitasita.

Vibali vilipolegezwa, na nchi ikaanza kupumua, fundi alikuwa hapiti tena kwangu. Walisema amehamia Ruiru kabisa. Nilikaa na maswali yangu miezi kadhaa. Kisha Jumamosi moja, mwisho wa mwezi, nikafunga kibanda, nikavaa vizuri, nikaenda kujionea mwenyewe.

Niliujua ukuta kabla sijauliza mtu njia. Mwenye bucha hakusema uongo. Katikati ya vibanda vya udongo na mabati, ulisimama umenyooka kiasi kwamba vitu vyote vya jirani vilionekana vimelewa. Fundi alikuwa amekaa nje juani, kwenye kiti. Kweli kilikuwa kiti, chenye mgongo.

"Umeacha kazi?" nikamwuliza hata kabla ya salamu.

"Niliacha. Nilimaliza kazi ya kanisa, siku ya mwisho, nikaweka nyundo chini. Kontrakta akaniambia kuna ingine. Nikamwambia tafuta mtu."

"Mikono ilikuwa inakataa?"

"Ilikuwa inafikiria kukataa," akasema, akacheka mpaka jicho lake likafumba. Nilifurahi. Nilifurahi kama mimi ndiye niliyestaafu.

Akanitembeza. Nikagusa ile kona, nikaisifu kama inavyotakiwa. Lakini nikiwa mtu wa hoteli nilijua hesabu ya kuishi, na nikamchimba, naye akasema kidogo kidogo. Mpangaji mmoja alitoroka usiku bila kulipa. Bati lilivuja msimu wa mvua, ikabidi linunuliwe jipya. Kodi ya serikali bado ilikuwa palepale. Chumba kimoja alikaa mwenyewe, na kodi ya vile viwili vya mbele haikutosha unga na nyama kama alivyowaambia watu. Nilimwona ana afya, shati lake jipya, tumbaku mfukoni, nikajiuliza inatoka wapi.

Tulikuwa tumekaa hivyo aliposimama mbele yetu mtu mrefu, ametoka kazini, ana mafuta ya mashine mikononi. Nilimtambua mara moja. Alivua kofia. Hakusema Baba.

"Hodi, mwenye nyumba," akasema. "Nimeleta kodi ya chumba."

"Umechelewa siku moja," fundi akasema bila kumtazama.

"Nisamehe, mwenye nyumba. Walituchelewesha mshahara."

"Mwezi ujao usirudie."

"Sitarudia."

Akampa noti kwa mikono miwili. Fundi akazipokea bila kuzihesabu, na kijana akaenda kunawa nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Nikaondoka hapo kwa kisingizio cha maji ya kunywa, nikamkuta mke wa kijana akipepeta mchele mlangoni pa chumba cha mwisho. Alikuwa msichana mcheshi, hakuhitaji kuchimbwa.

"Tulikuja kutafuta nyumba kama watu wengine," akaniambia. "Mzee akataja bei. Bwana yangu akasema, hiyo ni bei ya wageni, mimi nitalipa zaidi. Mzee akasema sawa."

"Zaidi kiasi gani?"

Akatazama huku na huku. "Wale wengine wanalipa nusu yetu. Na sisi tuko kwa hii ndogo."

"Haiya! Na mzee anajua ni ndogo?"

Akainua mabega, akacheka kimyakimya. "Si yeye ndiye alijenga?"

Nilirudi kwa fundi, sasa nikijua shati na tumbaku vinatoka wapi. Alikuwa bado ameshika zile noti gotini. Nilikuwa na maswali yote ya dunia, lakini lililotoka ni hilo moja, nikaliuliza kwa sauti ya chini. "Fundi, mbona humwambii huyo kijana kwamba wale wengine wanalipa nusu?"

Alinitazama kwa jicho lile zima.

"Mama Chai," akasema, "mwenye nyumba hawezi kuambia mpangaji mambo ya mpangaji mwingine. Hiyo si adabu."

Akazikunja zile noti, akazitia mfukoni, akaupapasa mfuko kwa nje kuona zimekaa sawa. Halafu akageuza shingo kuelekea nyuma ya nyumba, akamwita mtoto wake kwa jina, aje aketi.